Jua la Februari lisikudanganye: uani na ndani ya nyumba baridi inapoelekea kuisha Uingereza

Mwaka wangu wa kwanza hapa mjini Reading nilipanda maharage tarehe 20 Februari. Jua lilikuwa limewaka siku tatu mfululizo, vijana wanapita na fulana, nikasema basi, ile baridi waliyokuwa wananitishia nayo ndiyo imekwisha. Nikalima kipande cha uani kisichozidi mkeka wa kulalia, nikafukia robo kilo ya maharage mekundu niliyonunua duka la Mhindi. Wiki tatu baadaye nikafukua kuona kulikoni. Yamevimba, yameoza, yananuka. Mzee jirani alikuwa ananitazama juu ya uzio siku zote hizo bila kusema neno (wenzetu hawa hawaingilii mambo ya mtu mpaka waulizwe), na ndipo nilipomuuliza akanijibu kwa ufupi kwamba maharage hapa ni Mei.

Haya nayaandika kwa ajili yako uliyepata nyumba yenye kauani nyuma, kwa kupanga au kununua, na hii ndiyo Februari yako ya kwanza ndani yake. Kwa nje kila kitu kinaonekana kimekufa. Kumbe kazi ni tele, na nyingine zina tarehe ya mwisho.

Mchana unarefuka mbio. London mwanzoni mwa Februari una saa 9 na dakika chache. Mwezi ukiisha unakaribia saa 11. Sisi tuliokulia jirani na ikweta, ambako magharibi inaingia palepale mwaka mzima, badiliko hilo linatulewesha kidogo. Lakini udongo haupati moto kwa jua la siku tatu. Maharage yanataka udongo wenye nyuzi joto 10 hadi 12 angalau, na jalidi, ule umande unaoganda usiku, kusini mwa Uingereza inaweza kuanguka hadi mwanzoni mwa Mei. Ukiwa Scotland, hesabu muda mrefu zaidi.

Cha kupanda, cha kusubiri

Cha kuanza nacho sasa ni viazi mviringo, ambavyo wengine kwetu wanaviita viazi ulaya ingawa asili yake ni milima ya Andes. Nunua viazi vya mbegu, si vya kupikia, uvipange kwenye trei ya mayai, upande wenye macho mengi uangalie juu. Viweke penye mwanga na ubaridi ila pasipoingia jalidi. Dirisha la chumba kisichowashwa hita linafaa. Vikitoa vichipukizi vifupi, vinene, urefu wa kama sentimita mbili, mwisho wa Machi au Aprili unavifukia. Yale maharage mapana ambayo Waarabu wanapikia ful nayo hayaogopi baridi. Unaweza kuyapanda nje mwishoni mwa Februari, udongo ukiwa haujaganda wala haujawa tope.

Mchicha, maboga na mahindi viache kabisa. Mbegu zake utazianzisha ndani mwezi Aprili, na miche itatoka nje mwishoni mwa Mei. Dania unaweza kuotesha dirishani jikoni wakati wowote, ila kwa mwanga wa Februari itarefuka kama inatafuta mtu.

Mbegu za kupanda usizitoe nyumbani kwenye begi. Najua mbegu ya mchicha wa bibi haina mfano. Lakini kuingiza mbegu za kupanda kunahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na pakiti iliyofungwa kwa gazeti haina cheti. Mchicha unauzwa hapa, hata kwenye maduka ya mbegu ya mtandaoni.

Sasa sukuma wiki. Hii ndiyo mboga itakayokufanya upende baridi. Ile uliyopanda mwaka jana, ikisimama nje mpaka Februari, inakuwa tamu kuliko ilivyokuwa Septemba, kwa sababu mmea ukipigwa na baridi unageuza wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo inausaidia usigande. Ikate nyembamba, ikaange na kitunguu tu, utaona. Tatizo ni kwamba njiwa wamelijua hilo kabla yetu. Hapa kuna njiwa-mwitu mkubwa, wa kijivu, ana baka jeupe shingoni, mnene kama kuku wa kienyeji. Februari chakula kikimwishia mashambani anahamia mijini. Nilikuwa na mashina kumi na mawili. Asubuhi moja natoka na kisu na bakuli nakuta yamebaki mifupa: ule uti wa katikati wa jani umesimama, nyama yote ya pembeni imenyofolewa, na juu ya uzio amekaa mwenyewe, hana hata haraka ya kuondoka. Tandaza neti juu ya vijiti, iwe imekazwa, isiguse majani maana atayadonoa kupitia matundu. Neti isilale chini kwa kulegea, wanyama wadogo wananasa humo.

Wageni wa usiku na wa asubuhi

Mbweha kwanza, kwa kuwa ndiye atakayekutoa usingizini. Januari na mwanzoni mwa Februari ni msimu wao wa kupandana, na jike hulia kwa sauti ambayo mtu asiyeijua atadhani kuna mwanamke anauawa. Mimi nilishashika simu kupiga 999. Machi wanazaa, mara nyingi kwenye shimo chini ya kibanda cha bustani. Ukiwakuta humo waache; watoto wakikua kidogo watahama wenyewe, na kuziba shimo wakiwa ndani ni ukatili na kesi. Kwa kawaida mbweha anamkimbia mtu. Usimlishe kwa mkono, wala usiache mfuko wa taka nje usiku. Na ingiza viatu ndani! Kandambili zangu za kutokea uani zilikuwa zinapotea moja moja, nikaanza kuwashuku watoto wa jirani, mpaka Machi nilipokuta moja ya kushoto chini ya michongoma, imetafunwa kisigino. Ya kulia sijaiona hadi leo.

Kama unafuga kuku, au unawaza kufuga, weka banda lenye waya mgumu uliofukiwa chini, kwa sababu mbweha anachimba. Na ujue kwamba tangu 1 Oktoba 2024 kila anayefuga kuku England na Wales lazima ajiandikishe serikalini, hata akiwa na kuku mmoja wa mayai. Kujiandikisha ni bure. Sababu ni mafua ya ndege, ambayo wakati wa baridi mara nyingi huja na amri ya kuwafungia kuku ndani.

Tarehe nyingine ya kukumbuka ni mwanzo wa Machi. Ua wako wa miti ukikuzidi urefu, ukate Februari. Kuanzia Machi hadi Agosti ndege wanataga, na sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori inafanya kuharibu kiota kinachotumika kuwa kosa la jinai. Hata kama ua ni wako, na bustani ni yako.

Kuhusu kulisha ndege, raia wa hapa wana mapenzi nao ambayo mwanzoni yalinishangaza: kila wikiendi ya mwisho ya Januari watu wanakaa dirishani saa nzima wanahesabu ndege waliotua uani, na RSPB, shirika la kulinda ndege, linakusanya hesabu hizo tangu 1979. Nimeshajiunga, sioni haya. Weka mbegu za alizeti au karanga zisizo na chumvi. Mabaki ya pilau na wali wa nazi hapana, kwa sababu ya chumvi, halafu panya watasikia harufu kabla ya ndege. Osha kilishio kila wiki na ukihamishe mahali, maana kinyesi kinachorundikana kinaambukiza maradhi yanayoua ndege wengi. Na sahani ya maji. Asubuhi ya jalidi vunja ile barafu, ndege anapata shida ya maji kama ya chakula. Ukilima atakuja robin, kale kadogo kenye kifua cha rangi ya chungwa, kasimame hatua mbili kutoka kwenye jembe kakisubiri minyoo. Mbayuwayu usiwatafute bado. Wale wa Uingereza wakati huu wengi wako Afrika Kusini, watarudi Aprili, nao watakuwa wamevuka Sahara bila viza.

Kalunguyeye bado amelala, hadi Machi au Aprili. Usichome rundo la majani bila kulifukua kwanza. Akiamka akaja, mpe maji na chakula cha paka chenye nyama, maziwa yanamharisha. Ukimkuta anazurura mchana kweupe, mara nyingi ni mgonjwa, mtafutie kituo cha uokoaji. Mayai ya chura ukiyaona kwenye kidimbwi, yale kama sago iliyopikwa ikawa uji, yaache hapo hapo. Watakula konokono wako kiangazi.

Ndani

Hapa ndipo pesa na afya zinapotupotea. Ukungu mweusi ukutani si uchawi wala si lazima uwe uchafu; ni mvuke wa ndani uliokosa njia, ukakutana na ukuta wa baridi ukageuka maji. Na sisi tunatengeneza mvuke kuliko tunavyojua. Sufuria ya maharage inachemka saa mbili bila mfuniko, nguo za watu watano zimeanikwa kwenye hita, na madirisha yamefungwa kwa kuogopa bili. Miaka hii ambayo Ramadhani inaangukia kwenye baridi, nyumba ya futari inatoa jasho kama ya kuogea.

Nunua presha kuka. Utaokoa gesi na ukuta. Washa feni ya kuvuta mvuke jikoni na bafuni, funga mlango wa chumba unamoanika nguo na ufungue dirisha lake. Kila asubuhi futa maji ya vioo kwa kitambaa, halafu fungua madirisha dakika kumi, hata kama kuna baridi ya kung'ata. Kabati la nguo lisogeze sentimita chache kutoka ukuta wa nje. Ukungu uliokwisha kuota uoshe kwa dawa yake ukiwa umevaa glavu, na dawa yenye klorini usiichanganye na nyingine yoyote. Kupaka rangi juu yake ni kujidanganya.

Na kama chanzo ni paa linalovuja au ukuta mbovu, hilo ni la mwenye nyumba, usikubali kuambiwa ni upishi wako. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki huko Rochdale kwa sababu ya ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake alishalalamika, akaambiwa apake rangi. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Lalamika kwa maandishi, piga picha, tunza tarehe. Aliyepanga kwa mtu binafsi aende kitengo cha afya ya mazingira cha halmashauri yake.

Boila ikizima asubuhi ya barafu huku inagugumia, kabla ya kumwita fundi toka nje uangalie bomba jembamba la plastiki linalotoka ukutani. Mara nyingi maji yake yameganda. Limwagie maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kisha uwashe upya. Na leo hii, kabla hujalala, tafuta koki kuu ya maji. Iko chini ya sinki mara nyingi. Usisubiri bomba lipasuke ndio uanze kuitafuta.

Umeme ukikatika kwa dhoruba piga 105, ni bure. Jiko la mkaa usiliingize ndani kwa ajili ya joto, hata dakika tano, hata na dirisha wazi. Nyumba za huku zimezibwa kwa ajili ya baridi, si kama jiko la nje la bibi, na gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Weka kengele yake.

Kuhusu bili: wengi hulipa kodi ya halmashauri kwa mafungu 10, Aprili hadi Januari, kwa hiyo Februari na Machi hukatwi kitu. Hela hiyo usiizoee, ndiyo ya kumalizia bili ya gesi. Ukiwa mtu mzima peke yako nyumbani, omba punguzo la asilimia 25, hawatakuletea wenyewe. Tarehe 31 Machi soma mita na utume namba, kwa kuwa bei ya ukomo ya nishati hubadilika 1 Aprili. Wenye mita janja hawahusiki.

Saa zinasogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na tofauti yetu na nyumbani inashuka kutoka saa tatu hadi mbili. Ukiwa na desturi ya kupiga simu kila Jumapili saa moja jioni ya huku, mama atapokea saa tatu usiku badala ya saa nne. Mwambie mapema. Wangu kila mwaka anauliza kuna nini kilichotokea mpaka nimewahi hivyo.