Jinsi ya Kuandika na Kuhuisha Maelezo ya Kazi Yako Mtandaoni

Usianze na hati ya zamani ya maelezo ya kazi yako. Ukiifungua kwanza utainakili bila kujua, na majukumu yaliyokwisha muda wake yatabaki humo. Kwa wiki 2, andika kila unachofanya na muda unaotumia.

Kisha itafute kazi yako kwenye O*NET OnLine, hifadhidata ya bure ya Wizara ya Kazi ya Marekani inayoeleza majukumu ya kazi mbalimbali. Itumie kukumbuka ulichosahau tu, usinakili aya nzima.

Majukumu 6 hadi 8 yanatosha. Kila moja lianze na kitenzi. "Kushughulikia malipo" haisemi kitu. "Kulinganisha ankara na hati za kupokelea bidhaa kila Ijumaa, kabla malipo hayajaidhinishwa" inaeleweka hata kwa mgeni. Kando ya kila jukumu weka asilimia ya muda. Jumla ikizidi 100, huenda kuna kazi umeihesabu mara mbili.

Hati iwe kwenye Google Docs, na msimamizi wako aandike mapendekezo badala ya kufuta moja kwa moja, kila badiliko lionekane. Tarehe ya marekebisho ikae juu kabisa. Ipitie kila mwaka, au mara tu mfumo mnaotumia unapobadilika.