Kuchora historia ya Pécs, mji wa Hungaria, kwenye ukanda wa manila

Unga vipande vya manila hadi mita 2. Sentimita 1 iwe miaka 10, na sifuri iwe mwaka 300. Mwanzoni andika Sopianae, jina la Kirumi, pamoja na makaburi ya Wakristo ya karne ya 4. Uaskofu wa 1009 uangukie karibu na sm 71, chuo kikuu cha 1367 karibu na sm 107.

Kipande kitamu ni cha utawala wa Waothmani (Waturuki), 1543 hadi 1686: paka rangi kutoka sm 124.3 hadi 138.6. Msikiti wa Gazi Kasim Pasha, ambao leo ni kanisa, umekaa mshazari uwanjani kwa sababu ulielekezwa kibla. Huko kibla ni kusini-mashariki. Hapa Mombasa ni kaskazini, basi usinakili mshale wa msikiti wa mtaani kwenu.

Chini yake weka Fort Jesus: ilianza 1593, ikatekwa na Waomani 1698. Wanafunzi hushangaa kuona miaka 12 tu kati ya Waothmani kuipoteza Pécs na Waomani kuiteka Fort Jesus.

Kosa la kawaida ni majina. Fünfkirchen ya Wajerumani ni Pécs ileile. Usiipe mstari wake.