Kabla kaskazi haijashika: ya kutengeneza kwenye banda la kuku

Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, ikishika Disemba, kuku wa Unguja na Pemba wanaumia mpaka masika yaingie. Kuku hatoi jasho, anajipoza zaidi kwa kuhema, na hewa yetu ikijaa unyevunyevu kuhema nako hakumfai sana. Kwa hiyo kazi za banda zimalizwe Novemba.

Banda lilazwe mashariki na magharibi, ubavuni wavu, si matofali mpaka juu. Bati litandikwe makuti au lipakwe chokaa. Kuku wa nyama waliokwisha kukua wasizidi 8 kwa mita moja ya mraba.

Chakula wape alfajiri, ukiondoe saa nne asubuhi, ukirudishe saa kumi na moja jioni. Anayekula saa nne, chakula humtia joto mwilini wakati jua liko utosini. Dagaa usirundike kwa kudhani unawapa nguvu, maana protini ikizidi joto huongezeka. Machicha ya nazi yawe ya siku hiyo hiyo. Kuku akihema sana damu yake huharibika mizani na mayai hutoka na ganda jembamba. Makombe ya chaza yaliyopondwa wape jioni, kwani ganda hujengwa usiku.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wanapofiwa. Mkasa ni ule ule: tangi jeusi limejaa juu ya paa, mpira mweusi wa maji umelala mchangani, vyombo vyote vina maji, na saa nane mchana kuku wanaanguka mmoja mmoja. Mwenyewe anaapa maji yalikuwepo. Yalikuwepo kweli, ila tia mkono: yanakaribia kuunguza, na kuku hayanywi. Kuku 100 wa mayai hunywa lita 20 hadi 25 kwa siku ya kawaida. Siku ya joto kali huweza kufika mara mbili. Basi tangi liwe chini ya mwembe au lifunikwe makuti, mpira uzikwe, na maji yaliyolala ndani yake yamwagwe kwanza kabla hujajaza. Badilisha saa tano, saa saba na saa tisa. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa kwenye friji, ukiitumbukiza ndani ya tangi dogo, inasaidia. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Maji hayo usiyaongeze chumvi nyingine kwa jina la dawa ya joto.

Usimwage maji sakafuni banda likiwa halipitishi upepo. Unazidisha unyevunyevu tu. Aliyelegea mpeleke kivulini, mloweshe miguu na kishungi kwa maji ya kawaida, si ya barafu.

Chanjo, kukamata, kupima, vyote alfajiri. Na kuku wa kuvushwa kwenda Unguja kwa boti wasikae kwenye matenga juani bandarini wakingojea kupakiwa. Wapunguze kwenye kila tenga, na wanyweshe kabla ya kuwafunga.