Somo: Kusimamisha, Kuzima na Kuweka Upya Mihimili ya Mwendo kwenye PLC

Somo hili ni la wale ambao tayari wanaandika programu za PLC (kompyuta ndogo za kuendesha mashine) na wameshaendesha angalau mota moja ya servo, yaani mota inayodhibitiwa nafasi na kasi yake. Mhimili hapa ni sehemu ya mashine inayosogezwa na mota kama hiyo. Nitatumia majina ya bloku za PLCopen (kiwango cha pamoja cha vipande vya programu vya kuendesha mwendo), kwa kuwa vidhibiti vya watengenezaji wengi vinazifuata. Wanaotumia vidhibiti vya Rockwell nitawagusia kwenye maswali.

Wanaoanza huchanganya mambo matatu. Kusimamisha ni kuufikisha mwendo kwenye sifuri huku mota ikiendelea kushikiliwa na draivu (kifaa kinachoipa mota umeme). Kuzima ni kuondoa nguvu inayoishikilia. Kuweka upya ni kufuta hali ya hitilafu tu, na hakupaswi kusogeza chochote. Programu inayofanya yote matatu kwa kitufe kimoja na katika mstari mmoja itakusumbua siku mashine itakapokwama katikati ya kazi.

Hatua ya 1: Simamisha kwanza. Tumia MC_Stop, si MC_Halt. Mwendo unaosimamishwa na MC_Halt unaweza kukatizwa na amri nyingine ya mwendo, ilhali MC_Stop huuweka mhimili katika hali ya Stopping na kukataa amri nyingine zote za mwendo maadamu Execute (ingizo linaloianzisha bloku) ni 1. Subiri Done (ishara kwamba bloku imemaliza) kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Funga breki kabla ya kuiachia mota. Kwa mhimili wa mlalo hatua hii unaweza kuipita haraka, lakini kwa mhimili wa wima ndiyo roho ya somo zima. Breki ya mota haifungi papo hapo, bali huhitaji milisekunde kadhaa ambazo mtengenezaji huzitaja kwenye jedwali la mota. Niliwahi kusimama mbele ya mhimili wa wima ambao programu yake, niliyoiandika mwenyewe, ilikuwa ikiondoa Enable (ruhusa ya draivu kuishikilia mota) na kufunga breki katika mzunguko uleule wa programu. Kila ulipozimwa, mzigo ulishuka kwanza kiasi cha unene wa kidole, kisha ndipo ukasikika mlio wa breki, «tak». Mpangilio sahihi ni huu: servo ikiwa bado imeshikilia, amuru breki ifunge, subiri muda wake uishe, kisha ndipo uondoe Enable. Ikiwa breki imeunganishwa kwenye draivu yenyewe, kwa kawaida draivu hufanya kazi hiyo, mradi kigezo cha ucheleweshaji kimejazwa ipasavyo.

Hatua ya 3: Ondoa Enable ya MC_Power, bloku inayowasha na kuzima nguvu ya mhimili, usubiri Status yake iwe 0. Mhimili sasa uko katika hali ya Disabled. Hiyo si hali salama ya kuingiza mkono kwenye mashine, kwa kuwa usalama wa mtu hutegemea saketi ya usalama, kwa mfano STO (Safe Torque Off, kazi ya usalama ya kuondoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha), na si biti ya programu ya kawaida. Hata STO yenyewe huondoa torki tu, haikati umeme, na kapasita za draivu hubaki na chaji kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko chake.

Hatua ya 4: Ikiwa mhimili uko kwenye ErrorStop (hali ya kusimama kwa hitilafu), soma namba ya hitilafu kwa MC_ReadAxisError na uihifadhi kabla ya kuifuta. Fundi wa zamu ya usiku atakushukuru.

Hatua ya 5: Rudisha Execute zote kuwa 0, pamoja na hesabu ya hatua za kazi, kisha ndipo uite MC_Reset, bloku ya kufuta hitilafu (hapa imepewa jina upya, na 80, 90 na 900 ni hatua za programu):

80: upya.Execute := TRUE;
IF upya.Done THEN upya.Execute := FALSE; hatua := 90;
ELSIF upya.Error THEN upya.Execute := FALSE; hatua := 900;
END_IF

Bloku yenyewe, upya(Axis := mhimili1), iitwe nje ya CASE (muundo unaochagua hatua ya kutekeleza), katika kila mzunguko. Ukiiita ndani ya hatua ya 80 pekee, haitaiona Execute ikirudi 0, na safari ijayo haitaona badiliko la kutoka 0 kwenda 1 ambalo ndilo linaloiamsha.

Hatua ya 6: Washa MC_Power kwa amri mpya ya mwendeshaji. Kiwango cha IEC 60204-1 kinataka kuachia kitufe cha dharura kusiiwashe mashine, bali kuruhusu tu iwashwe. Ikiwa enkoda (kipima nafasi cha mota) si ya nafasi kamili na imepoteza umeme, tafuta nafasi ya mwanzo upya kwa MC_Home.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, baada ya MC_Stop mhimili wangu unakataa kila amri, wala hakuna hitilafu. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu, angalia Execute ya MC_Stop. Nina hakika bado ni 1. Irudishe 0 na mhimili utaingia Standstill.

Swali: MC_Reset inanipa Done, lakini nikiwasha tu hitilafu inarudi.

Jibu: Kufuta hitilafu hakuondoi chanzo chake. Kama ni tofauti kubwa kati ya nafasi iliyoamriwa na nafasi halisi, kagua kama kuna kitu kimekwama, au breki haifunguki. Usikimbilie kuongeza kikomo cha tofauti hiyo.

Swali: Naomba kufahamishwa, Rockwell nitumie MAFR au MASR?

Jibu: MAFR hufuta hitilafu tu. Ikiwa mhimili ulizimwa kwa MASD (agizo la kuuzima kabisa), unahitaji MASR, ambayo huutoa katika hali hiyo na kufuta hitilafu zake pia. Hakuna kati ya hizo inayowasha servo, hiyo ni kazi ya MSO. Na ukiandika programu kwa maandishi badala ya mchoro wa ngazi (ladder), weka sharti la badiliko la kutoka 0 kwenda 1, la sivyo agizo litatekelezwa kila mzunguko.

Swali: Mhimili unaoufuata mwendo wa mwingine ukipata hitilafu, je, ule unaoongoza utasimama wenyewe?

Jibu: Hapana, hautajua lolote, utaendelea na safari yake. Lazima programu yako iangalie hali ya mfuasi na kumsimamisha kiongozi. Baada ya kuweka upya, uhusiano wao umeshakatika, kwa hiyo mrudishe mfuasi mahali pake, kisha uite tena MC_CamIn au MC_GearIn, bloku zinazomfungamanisha mfuasi na kiongozi.