Kabla Fomu za Ufadhili Hazijafunguliwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Vyama vya Wazazi Lamu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kwa kawaida hutangazwa mwezi wa Januari, na vyuo vikuu huanza kupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo ya katikati, familia yenye mtoto aliyefuzu hutakiwa kueleza kupitia mtandao, katika fomu ya kuomba ufadhili, wazazi ni nani, wanaishi kwa kazi gani, wanapata kiasi gani na wanalea watu wangapi. Majibu hayo ndiyo yanayopimwa ili kuamua serikali itoe nini na mzazi atoe nini. Mgawanyo uliotangazwa mwaka 2024, chini ya mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza 2023, ulimpa mwanafunzi wa kundi la kwanza, lenye uhitaji mkubwa zaidi, ufadhili usiorejeshwa wa asilimia 70 ya karo na mkopo wa asilimia 25, familia ikabakiwa na asilimia 5. Familia ya kundi la tano, lenye uwezo zaidi, ilibebeshwa asilimia 40. Kwa nyumba inayotegemea jarife na mashua, kuwekwa katika kundi lisilo lake kwaweza kumrudisha mtoto nyumbani kabla ya muhula wa pili.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaipa kila shule ya umma chama cha wazazi, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama. Vyama vingi hukutana kuzungumzia chakula na majengo. Maandalizi ya ufadhili yanastahili kuwekwa katika ajenda hiyo hiyo, tena mtoto akiwa kidato cha tatu, kwa kuwa hati zinazokosekana hazipatikani kwa wiki moja.

Jambo la kwanza ni majina. Kitambulisho cha baba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti cha mtihani huweza kubeba majina matatu yaliyoandikwa kwa namna tatu, na mfumo wa kompyuta haujui kwamba Mohamed na Muhammad ni mtu mmoja. Wazazi wazilinganishe hati hizi mapema, na palipo na tofauti waanze marekebisho au waape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo.

Gumu zaidi ni cheti cha kifo. Visiwani kwetu maiti huzikwa haraka, mara nyingi siku ile ile, na hivyo ndivyo dini inavyotuelekeza. Lakini ikiwa mzazi alifia nyumbani na naibu wa chifu hakupewa taarifa, kifo hicho hakikuingia katika daftari la serikali, na yatima anayeomba ufadhili huulizwa kipato cha baba aliyekwisha kufukiwa miaka mingi. Usajili uliochelewa unawezekana, ila huhitaji mashahidi, barua ya chifu, na safari za kuvuka maji kwa wanaotoka Faza, Siyu au Kizingitini. Chama kikizitambua mapema familia hizi, wanaweza kwenda pamoja kwa boti moja badala ya kila mjane kujilipia nauli peke yake.

Mama aliyetalikiwa atafute cheti cha talaka katika mahakama ya Kadhi. Yule ambaye mume ameondoka bila talaka wala matumizi yuko pagumu zaidi, kwa sababu hana hati yoyote inayosema ukweli wake. Huyo apate barua ya chifu na hati ya kiapo inayoeleza nani hasa anamlea mtoto. Baba mwenye wake wawili aeleze nyumba zote mbili na watoto wote wanaomtegemea, asiifiche hata moja kwa haya.

Kipato ndipo familia nyingi zinapokosea bila nia mbaya. Fomu huuliza kipato cha mwezi, ilhali mvuvi wa Lamu hana mwezi wa kawaida. Wakati wa kaskazi chombo hutoka na kurudi na samaki. Kusi likivuma, mashua ndogo hukaa ufukweni siku nyingi. Njia ya haki ni kuhesabu mwaka mzima, kutoa mafuta, barafu na fungu la mwenye chombo, kisha kugawanya kwa 12. Tuseme mvuvi hubakiwa na shilingi 30,000 kwa mwezi katika miezi 5 mizuri, na 8,000 katika miezi 7 iliyobaki. Jumla ni 206,000, na wastani wa mwezi ni kama 17,000. Akiandika pato la Februari anajidhulumu. Akiandika la Julai anadanganya, na kutoa taarifa za uongo ili kupata mkopo ni kosa la kisheria. Ofisi ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, inayoandika samaki wanaoteremshwa, inaweza kumwandikia barua ya kuthibitisha. Anayetumia taarifa ya M-Pesa kama ushahidi aeleze pia fedha zisizo zake, kama michango ya arusi au ya msiba iliyopitia simu yake.

Ukweli huo huo uhusu nyumba. Wapo wanaoishi mtaa wa Mkomani katika nyumba ya mawe, ndani ya mji wa kale wa Lamu ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na huku nyumba yenyewe ni mirathi ya ndugu wengi na dari linavuja. Ielezwe hivyo ilivyo. Vilevile mtoto aliyesoma shule ya gharama kwa msaada wa mfadhili awe na barua ya mfadhili huyo, la sivyo karo ile itahesabiwa kuwa uwezo wa wazazi.

Katika haya yote, chama kifundishe kuhesabu lakini kisijaze namba kwa niaba ya mtu, wala kisiwe ghala la siri za watu. Picha za vitambulisho zisitumwe katika kundi la WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda mzazi maskini kama inavyomlinda tajiri. Mwanafunzi awe na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na neno la siri alishike mwenyewe, si mhudumu wa saiba, yaani duka la intaneti. Wadhamini wa mkopo waombwe idhini kabla vitambulisho vyao havijatumika. Basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, zina fomu zao, nazo zijazwe kwa maelezo yale yale.

Mwisho, kila familia ichapishe nakala ya fomu iliyowasilishwa na kuiweka pamoja na hati zote, kwa kuwa mwanafunzi asiyeridhika na kundi alilowekwa atakapoomba mapitio, atalazimika kuonyesha alichosema mara ya kwanza na ushahidi wa kile kilichobadilika au kilichoachwa.