Jinsi ya Kurekebisha Sheria za Ndani Baada ya Nchi Kutoka Kwenye Mkataba wa Utafiti wa Kitaaluma

Nchi inapotoka kwenye mkataba, uanachama wake hukoma siku iliyowekwa, lakini kanuni na haki zilizoingia katika sheria zake kwa sababu ya mkataba huo huweza kubaki palepale hadi zifutwe rasmi. Mfano mzuri ni Uingereza na Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya, iliyoko Fiesole karibu na Florence. Taasisi hiyo iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 19 Aprili 1972 na ikaanza kupokea watafiti mwaka 1976. Kwa kuwa mkataba huo uko wazi kwa nchi za Umoja wa Ulaya tu, Uingereza haikuweza kuendelea kuwa mwanachama baada ya kipindi cha mpito cha kujitoa kwake katika Umoja huo kumalizika tarehe 31 Desemba 2020.

Kazi ya kwanza, na ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko nyingine zote, ni kutafuta mlango ambao mkataba uliingilia katika sheria za nchi. Mwandishi wa sheria akitafuta jina la taasisi katika orodha ya sheria za Uingereza anaweza kuambulia machache sana, akadhani hakuna la kufanya, kumbe mikataba ya Ulaya ilipita kwa pamoja katika kifungu cha 2(1) cha sheria ya mwaka 1972 ya kujiunga na Jumuiya za Ulaya, bila kila mmoja kutungiwa sheria yake. Kisha sheria ya kujitoa ya mwaka 2018, katika kifungu cha 4, ilizihifadhi haki zilizokuwa zimepita mlango huo. Haki za namna hiyo hazionekani kwa macho, na ndiyo maana ni rahisi kuzisahau. Kwa Tanzania mlango ni tofauti: Bunge huridhia mkataba chini ya Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, na utekelezaji wake ndani ya nchi huhitaji sheria; Kenya nayo, tangu Katiba ya 2010, huuhesabu mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria yake kwa Ibara ya 2(6).

Mlango ukishajulikana, orodhesha kila haki pamoja na mnufaika wake. Katika taasisi kama hii, zinazoleta ugumu ni kinga na upendeleo wa watumishi, hasa msamaha wa kodi ya nchi kwenye mishahara inayolipwa na taasisi. Ada na ruzuku za wanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mambo ya bajeti na makubaliano ya kiutawala; usiyaingize kwenye kanuni ikiwa barua ya wizara inatosha.

Hatua inayofuata ni kuhakiki mamlaka ya kutunga kanuni. Kifungu cha 8 cha sheria ya mwaka 2018 kilimruhusu waziri kurekebisha kasoro zilizotokana na kujitoa, lakini kilimkataza kutoza au kuongeza kodi na kutunga kanuni zinazorudi nyuma, tena kwa muda wa miaka 2 tu baada ya kipindi cha mpito. Hapo linazuka swali linalopaswa kujibiwa kwa maandishi kabla ya rasimu: je, kuondoa msamaha wa kodi ni kutoza kodi? Likiachwa, litaibuka bungeni au mahakamani, mahali ambapo jibu la haraka hugharimu zaidi.

Katika rasimu yenyewe, linda yaliyokwisha kutendeka. Ibara ya 70 ya Mkataba wa Vienna wa 1969, unaohusu sheria ya mikataba kati ya nchi, inasema kwamba kukoma kwa mkataba hakugusi haki zilizopatikana wakati wa utekelezaji wake, na kifungu cha 16 cha Sheria ya Tafsiri ya Uingereza ya 1978 kina msimamo wa namna hiyo kuhusu sheria zinazofutwa. Hata hivyo, ni vyema masharti ya mpito yaandikwe waziwazi, ili mshahara uliolipwa mwaka 2020 usitiliwe shaka na ofisa wa kodi anayesoma kanuni mwaka 2024.

Kanuni zikishachapishwa, ipelekee mamlaka ya kodi nakala pamoja na maelezo mafupi ya tarehe ya kuanza kutumika, kwa kuwa fomu na miongozo yake itaendelea kutaja msamaha wa zamani mpaka mtu aiguse.