Unakunywa dawa kila siku? Soma hii kabla hujaongeza nyingine

Kama uko kwenye dawa za kudumu, iwe moyo, sukari au kifafa, usiingie famasi ukasema tu nipe kitu cha fangasi. Dawa nyingi zinavunjwa na vimeng'enya vya ini, sasa zipo dawa zinazovibana hivyo vimeng'enya, ile yako ya kila siku inabaki kwenye foleni na kesho unameza nyingine juu yake, dozi ni ileile ya daktari ila kwenye damu imeshazidi.

Kwanza piga picha maboksi yote umwonyeshe mfamasia, jina na miligramu zisomeke, maana ukisema "ya presha" hujasema kitu, ziko kibao. Inhela nayo weka, watu huwa wanaisahau kabisa.

Wenye wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ndo waangalifu zaidi. Flukonazoli (dawa ya fangasi) au Flagyl (antibayotiki) juu yake damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, kwa hiyo kabla hujameza kidonge cha kwanza panga na kliniki yako kupima INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda) ndani ya siku chache, usisubiri tarehe ya kwenye kadi, na ukishamaliza pima tena. Fizi zikivuja au choo kikiwa cheusi hapo ni hospitali moja kwa moja. Na flukonazoli haina haraka ya kutoka, nusu yake tu inachukua kama saa 30, so kumaliza vidonge sio kumaliza dawa mwilini.

Wa glibenklamidi, dawa ya sukari, hiyohiyo flukonazoli inaweza kukushusha sukari, weka glukosi karibu na mwambie mtu wa nyumbani kwamba ukianza kutoka jasho na kutetemeka ajue cha kufanya. Wa simvastatini, dawa ya kolesteroli, waulize mapema kama antibayotiki uliyoandikiwa ni klarithromaisini au eritromaisini, hizo hazikai nayo pamoja, misuli inaweza kuharibika, mara nyingi azithromaisini inatosha au simvastatini inasimamishwa kwa muda. Eritromaisini na karbamazepini, dawa ya kifafa, nayo ni shida, kichwa kinazunguka unaona vitu viwili viwili.

Juisi ya balungi pia inabana vimeng'enya, na eti kunywa asubuhi halafu vidonge usiku haisaidii, athari yake inapita siku nzima. Machungwa ya kawaida kula tu.

Ila usijikatie dawa mwenyewe kwa woga, hasa ya kifafa, ukiiacha ghafla degedege linaweza kurudi. Mpigie aliyekuandikia kwanza.